Mabinamu wa Protini na Mtihani Uliovuja

Wadogo zangu wawili mnaoanza Jumatatu, kwanza karibuni. Pili, kile kiti cha kushoto msikikalie. Mguu wake mmoja umefungwa kwa kamba, na Shabani, mtakayefanya naye kazi, huwa anasahau kuwaambia watu mpaka waanguke. Tatu, mimi nastaafu Ijumaa.

Msicheke. Najua mstaafu ana mvi na redio ndogo ya kusikilizia taarifa ya habari kwa sauti kubwa. Mimi nina miaka ishirini na nne na naondoka kwenda chuo. Lakini nimefanya kazi moja kwa miaka minne, kwenye chumba kimoja pale Sekei, na mgongo unaniuma kama wa bibi yangu. Kwenye kazi hii miaka minne ni mingi. Programu niliyoanza nayo sasa hivi hata haifunguki. Kwa hiyo nina haki ya kusimulia kama wazee wengine, na ninyi kazi yenu ni kusikiliza. Nitarukaruka. Sina subira ya kupanga vitu toka mwanzo.

Nianze na kazi yenyewe, maana Dokta Anaeli atawaeleza siku ya kwanza na mtatoka hamjaelewa. Si kwamba hajui. Anajua sana, ndiyo tatizo. Dokta ndiye bosi wetu, mtu wa Nkoaranga, mrefu, anaongea polepole kama mtu anayechagua mayai.

Protini ni mnyororo mrefu wa vipande, na kila aina ya kipande imepewa herufi yake. Ziko aina ishirini. Ukiifungua kwenye kompyuta unaona mstari wa herufi zisizosomeka, kama mtu amekalia kibodi. Sasa seli ikitaka kuiwasha au kuizima hiyo protini, inabandika kidude kidogo kinaitwa fosfeti kwenye herufi fulani. Haibandiki popote. Inabandika kwenye S, T au Y tu, tena si zote. Protini moja inaweza kuwa na S sitini, zikabandikwa nne. Zipi? Hapo ndipo mshahara wenu ulipo.

Kupima kila moja maabara ni miaka. Kwa hiyo sisi tunachukua zile ambazo watu wameshazipima, tunakata herufi saba za kushoto na saba za kulia, tunaionyesha mashine maelfu ya mifano: hii ilibandikwa, hii hapana. Mashine inajifunza majirani wa aina gani wanaleta fosfeti. Halafu tunaipa protini ambayo hakuna mtu ameipima, nayo inasema, jaribuni hapa na hapa. Protini zetu sisi ni za kimelea cha ndigana kali, kile kinacholetwa na kupe. Kikiingia kwenye seli nyeupe za ng'ombe kinazifanya zizaliane ovyo, na inaonekana kinachezea hizo swichi. Dokta ana kisa chake na ndigana. Ng'ombe aliyekuwa anamlipia ada alikufa nayo yeye akiwa kidato cha pili. Hasimulii sana, ila msije mkafanya utani wa ng'ombe mbele yake.

Baba yangu ana duka la spea Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Nilipomweleza haya yote alisikiliza vizuri, akafunga boksi la bushi, akaniuliza:

"Kwa hiyo unakaa unabashiri."

"Ndiyo, baba."

"Kwa kuangalia waliotangulia."

"Ndiyo."

"Huo si mkeka wa kubeti?"

"Mkeka ni wa mpira, baba."

"Vijana wote hapa Sakina wanabashiri kwa kuangalia waliotangulia," akasema. "Na hawajaenda shule kwa ajili hiyo."

Baba alikuwa na mpango wake. Nilimaliza kidato cha sita na matokeo ambayo sitayaandika hapa. Dokta alinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Baba akasema sawa, miezi mitatu, usipothibitishwa unakuja kukaa dukani. Sina ugomvi na spea. Lakini nilishakaa pale likizo mbili, na mteja wa spea anaweza kusimama saa nzima anageuza boliti moja, anaiangalia, anairudisha, halafu anakuuliza kama unayo nyingine kama hii ila tofauti. Mimi ningempiga mtu na springi.

Dokta naye alisema wazi siku ile ya kwanza: "Binti, mimi siangalii vyeti. Mwezi wa tatu tutaona mashine inapata ngapi." Mmeelewa mambo yalivyokaa. Mashine ikipata vizuri nabaki Sekei. Ikipata vibaya, Sakina.

Aliyenifundisha kazi ni Shabani, mtu wa Kaloleni, ndiye anayeandika programu. Ana thelathini na kitu, anakunywa kahawa chungu ya kikombe kidogo toka asubuhi, na anaamini kila kosa duniani limefanywa na mtu mwenye haraka. Alikuwa ananiangalia mimi akisema hivyo.

Wiki ya pili alinipa kazi ya kuoanisha. Kwenye orodha tuliyopakua, kila protini ina namba zinazoonyesha herufi ya ngapi imebandikwa. Orodha inahesabu kama watu: ya kwanza ni moja. Programu ya Shabani inahesabu kama kompyuta: ya kwanza ni sifuri. Hili alikuwa ameniambia. Aliniambia wakati natafuta chaja, kwa hiyo nililisikia kwa upande. Nikaziingiza namba kama zilivyo, nikamaliza kabla ya chai, nikajisifu. Mashine ikajifunza usiku kucha na ikatoka inajua kidogo kuliko ilivyoingia.

Shabani akafungua faili langu, akaniita.

"Ndeshi. Hii ya juu imebandikwa wapi?"

"Arobaini na moja."

"Niwekee kidole hapo programu inapoonyesha."

Nikaweka.

"Herufi gani hiyo?"

"A."

"A inabandikwa?"

"Hapana."

"Kwa hiyo umembandika nani?"

"Jirani," nikasema.

"Umebandika majirani faili zima. Hata mgawa kadi za harusi mlevi, kuna nyumba moja moja anapatia."

Toka siku hiyo, na ninyi mfanye hivi hivi, kabla ya kitu chochote chomoeni mifano ishirini, mweke kidole kwenye skrini, msome herufi kwa sauti. S, T au Y. Ukisikia nyingine, simama hapo hapo. Skrini itachafuka, kitambaa kiko kwenye droo ya chini.

Kuna lingine la Shabani nisilisahau. Nilikuwa nimejaza faili la pili, la herufi ambazo hazibandikwi. Akaja nyuma yangu na kikombe chake.

"Hizi nani kakwambia hazibandikwi?"

"Hazimo kwenye orodha ya zilizobandikwa."

"Wewe umewahi kumwona mchumba wangu?"

"Hapana."

"Kwa hiyo sina?"

Nilifikiri kidogo nikasema kwa kweli naona kama huna. Hakuongea na mimi mpaka mchana. Kumbe anaye, anaitwa Zuhura, alikuja wiki iliyofuata na hotpoti la pilau, na kila nikinyoosha mkono Shabani alikuwa anauliza kama nimeshaamini. Basi hilo faili liiteni faili la "hazijaonekana". Msiliite la "hapana". Siku moja mtu atapima na mtaumbuka.

Sasa nakuja kwenye lile kubwa.

Mifano ikishakuwa safi unaigawa mafungu mawili. Fungu la kufundishia, na fungu la mtihani. La mtihani unalificha, mashine isilione mpaka siku yake. Ikipata vizuri huko unajua imeelewa, haijakariri. Kugawa ilikuwa kazi yangu. Na kabla ya kugawa, kuondoa mapacha: mistari iliyo sawa herufi kwa herufi, ubakize mmoja. Shabani alikadiria siku tatu. Mimi nilitumia moja.

"Mbona haraka hivyo?" akauliza.

"Mbona wewe unachelewa hivyo?" nikamjibu, na nikaona nimejibu vizuri.

Tukaiachia mashine. Alhamisi ya wiki ya saba matokeo yakatoka: tisini na kitu. Kwenye kila mia inapatia tisini na kitu. Shabani alisimama na kikombe chake bila kunywa. Dokta alikuja akaangalia skrini, akavua miwani, akaifuta, akavaa, akaangalia tena. Halafu akatoka, akarudi na machalari, zile ndizi za nyama, ya watu watatu. Kwa Dokta hiyo ni sherehe ya kitaifa.

Tukiwa tunakula akapiga simu kwa Profesa Mwanaidi, mama mmoja wa Tanga mwenye maabara Dar. Huyu ndiye alikuwa anaweza kutupimia kwa kweli, kwenye vyombo, siyo kwenye kompyuta. Alikuwa ametuahidi nafasi kumi, mara moja tu. Sehemu kumi za kupima; zikikubali, mradi unaendelea; zikigoma, anawapa wengine nafasi. Akasema atafika Jumanne kuchukua orodha. Mimi nikampigia baba nikamwambia atafute mtu mwingine wa kukaa na springi.

"Umeshathibitishwa?" akauliza.

"Bado, ila nimepata tisini na kitu."

"Ya mkeka," akasema, lakini nilisikia anacheka.

Jumamosi yake kaka yangu Godlisten alimleta mchumba wake nyumbani kwa babu, Nkoaranga, kutambulishwa. Anaitwa Happy, mwalimu, amekulia Moshi, na jina la kwao halikaribiani kabisa na la kwetu. Godi alituambia njiani kwamba itachukua nusu saa. Mimi nilifurahi maana nilitaka kurudi mjini mapema nikaitazame tisini na kitu yangu.

Kwetu mchumba haulizwi anajua kupika nini. Anaulizwa ametoka wapi. Na anayeuliza ni shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye kama angezaliwa na kompyuta sisi sote tusingekuwa na kazi.

"Baba yako ni nani?"

Happy akataja.

"Na baba yake?"

Akataja.

"Na mama wa huyo babu?"

Happy akamwangalia Godi. Godi akaangalia ndizi.

"Sijui, shangazi."

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Piga."

Happy akampigia baba yake, akaweka sauti kubwa, na shangazi akaichukua ile simu kama chombo cha serikali. Wakasalimiana vizuri sana, wakaulizana mvua, kisha akaanza upya toka juu. Baada ya kama nusu saa ikajulikana kwamba babu wa babu yake Happy hakuwa wa Moshi hata kidogo. Alitoka kwetu, ng'ambo ya mto tu, akaenda kufanya kazi kwenye shamba la kahawa, akabatizwa, akaanza kutumia jina la ubatizo, na watoto wakalibeba hilo hilo.

Shangazi akarudisha simu. Akaweka sahani chini.

"Huyu ni wetu," akasema.

"Shangazi, hata majina hayafanani," Godi akasema.

"Majina," shangazi akasema, kama anataja kitu alichokikanyaga. "Jina mtu anajiandikia mwenyewe. Mimi sikuuliza jina."

Basi wazee wakaanza kuhesabu vizazi, wapate kujua kama undugu umeshakuwa mbali vya kutosha. Babu alisema wa nne. Rafiki yake akasema wa tano. Wakapanga njiti za kiberiti mezani, wakazipangua, wakabishana kama anayehesabiwa kwanza ni marehemu au mtoto wake. Happy alikuwa amekaa wima kama yuko kwenye usaili. Mimi nilikuwa na kipande cha ndizi mkononi, nimechoka kusubiri, nataka wamalize niondoke, ndipo nikaisikia kichwani ile sauti ya shangazi. Sikuuliza jina.

Ile ndizi sikuimaliza.

Mnaelewa? Mimi niliondoa mapacha tu. Waliofanana herufi kwa herufi. Lakini mifano yetu mingi ilitoka kwa vimelea jamaa wa ndigana: malaria ya binadamu, malaria ya panya, malaria ya nyani. Hao ni ukoo mmoja. Protini ya huyu na ya yule zina majina tofauti, zimetofautiana herufi mbili tatu, kwenye faili langu zinaonekana ni watu wawili. Nikiweka mmoja kwenye kufundishia na binamu yake kwenye mtihani, mashine haihitaji kuelewa kitu. Inamwona wa pili inasema, huyu si yule? Na inajibu.

Nilisimama niondoke, shangazi akasema nikae, kikao hakijaisha. Kiliisha saa kumi na moja. Wazee walikubaliana ni kizazi cha tano na kwamba cha tano kinaruhusiwa. Shangazi alitaka njiti moja zaidi lakini kiberiti kilikuwa kimeisha. Godi na Happy sasa wana watoto wawili.

Jumapili nikitoka kanisani nilipitiliza Sekei. Nikachukua protini moja ya mtihani, ya malaria ya binadamu, nikaitafutia ndugu kwenye fungu la kufundishia. Nikamkuta wa panya. Mstari mzima wanakwenda sawa, tofauti unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na fosfeti iko mahali pale pale. Nikachukua ya pili. Ana ndugu. Ya tatu ana ndugu wawili. Nikaacha kuchukua.

Nilikaa, na nawaambia ukweli wangu: kitu cha kwanza nilichofikiria hakikuwa sayansi. Nilifikiria boliti. Hakuna aliyekuwa anajua. Profesa anakuja keshokutwa, namba iko ubaoni, mimi naweza kurudi nyumbani nikale. Lakini nikajiuliza hizo sehemu kumi zitakuwaje zikifika Dar. Mashine yetu ilikuwa haijui kitu, ilikuwa inatambua sura tu, na kimelea cha ndigana sura yake haijawahi kuiona. Profesa angepima, zingegoma, nafasi ingekwenda kwa wengine, na Dokta angebaki na ng'ombe wake aliyekufa. Nikampigia Shabani.

"Umekosea nini?" akapokea hivyo hivyo, hata salamu hakuna.

Alikuja. Nikamwonyesha wa binadamu na wa panya, mstari juu ya mstari. Aliangalia muda mrefu.

"Mtihani umevuja," akasema.

"Nimeuvujisha mimi."

"Na mimi programu yangu nimeiandika iondoe mapacha tu. Tumevujisha wote. Tofauti ni kwamba mimi nilivujisha taratibu."

Ikawa tuwapange wote kwa kufanana, na kila ukoo uende fungu moja, usigawanywe. Lakini undugu unaishia wapi? Shabani alitaka wanaofanana herufi tatu kati ya kumi wahesabiwe ndugu. Mimi nilitaka tano, maana ukibana sana mifano inaisha. Tulibishana karibu saa nzima, hatukuwa na njiti za kiberiti lakini sura zetu zilikuwa zile zile. Tukakubaliana nne. Ndiyo sababu mpaka leo mtaikuta nne kwenye programu, na msiibadilishe bila kubishana na mtu.

Jumatatu mashine ikajifunza upya na ikafanya mtihani mgumu. Sitini na kitu.

"Ukirusha shilingi juu unapata hamsini," nikasema.

"Basi hii ni shilingi iliyosoma," Shabani akasema. "Mpaka darasa la saba."

Dokta siku hiyo alikuwa Moshi, na simu yake mtaijua, anaipokea akijisikia. Tukapiga mara sita. Shabani akaniangalia.

"Nani atamwambia?"

"Wewe ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye mwenye haraka."

Jumanne nilikuja na hotuba. Niliipanga vizuri, ina utangulizi, ina samahani tatu. Mpango ulikuwa nimvute Dokta pembeni kabla mgeni hajafika. Dokta akaingia na mgeni. Profesa Mwanaidi alikuwa mama mfupi, mtandio wa bluu, anatembea kama amechelewa kila mahali. Akakaa, na kwa bahati hakukalia kile kiti. Dokta akasimama ubaoni mbele ya ile tisini na kitu, akashika kalamu kuipigia mstari.

"Shikamoo, Dokta," nikasema.

"Marahaba. Tumeshasalimiana, binti."

"Hiyo namba ni ya uongo."

Hotuba yote ikaishia hapo. Shabani alianza kupanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Dokta hakugeuka.

"Uongo wa kiasi gani?" Profesa akauliza.

"Wa kama thelathini."

"Si haba."

Nikaeleza. Nilianza na protini nikaona nachelewa, nikaruka kwa shangazi, simu, babu wa babu, ng'ambo ya mto. Dokta ni wa kwetu, niliposema shangazi aliomba simu nilimwona bega linacheka. Lakini uso ulipogeuka haukuwa unacheka.

"Nani aligawa mafungu?" akauliza.

"Mimi."

"Kwa siku ngapi?"

"Moja."

Akachukua kitambaa, akafuta ile namba polepole, tarakimu moja, kisha nyingine. Ningependa angefoka.

Profesa akaangalia saa. "Ndege yangu ni saa kumi. Mashine mpya ipo?"

"Ipo," Shabani akasema. "Inapata sitini na kitu."

"Ya kweli?"

"Ya kweli kabisa, inauma."

"Basi nipeni nane za kwake. Na mbili za juu kabisa za ile ya zamani, ambazo hii mpya imezikataa. Nataka kuona nani muongo. Chai mtaniletea, mimi sitasubiri chai ndipo nifanye kazi."

Nilimpenda hapo hapo.

Tulitoa nane. Kila moja tuliweka kidole, tukasoma kwa sauti. S. S. T. S. Profesa mwenyewe akasoma mbili za mwisho. Akaondoka nazo, Dokta akampeleka uwanjani, na aliporudi akapita kwenye meza yangu kama mtu anayepita kwenye duka lililofungwa.

Kupima kulichukua wiki nyingi. Nilifanya kazi kama nimechanganyikiwa, kwa utulivu. Nilikagua kila kitu mara mbili, Shabani akaanza kuwa na wasiwasi na mimi. Baba alikuwa ananipigia kila Ijumaa kuuliza kama nipo nipo. Dokta alikuwa ananipa kazi, anapokea kazi, basi.

Barua pepe ya Profesa ilifika asubuhi moja nikiwa peke yangu na Dokta chumbani. Akaifungua, akaisoma kwa ule mwendo wake wa mayai. Nikasimama nyuma yake, nikaisoma nikaimaliza yeye akiwa kwenye salamu. Zile mbili za mashine ya zamani, zote hakuna fosfeti. Zile nane zetu: tano zimebandikwa, tatu hapana.

Tatu hapana. Mimi niliziona hizo tatu tu. Niliona na springi zimejipanga kwenye rafu, kubwa kwa ndogo.

Dokta akafika mwisho. Akavua miwani.

"Unajua ukichagua nane kwa kufumba macho unapata ngapi?" akauliza.

"Hapana, Dokta."

"Moja, ukiwa na bahati sana." Akaifuta miwani. "Anasema atatupimia nyingine."

Halafu akaangalia kalenda ukutani, akakunja uso kama mtu anayehesabu vizazi.

"Ndeshi, miezi yako mitatu iliisha lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Na umekuwa unakuja tu?"

"Hakuna aliyeniambia nisije."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Niliogopa ungekumbuka."

Hapo alicheka, na kama hamjawahi kumsikia Dokta akicheka, ni kama pikipiki inayokataa kuwaka, halafu inawaka. Shabani aliisikia toka nje akaingia mbio na kikombe chake kujua nani ameumia. Dokta akavuta droo, akatoa karatasi, akaandika jina langu lote, na langu ni refu, kwa mwendo wake ule ule. Mimi nilisimama hapo nikasubiri, na sikumwambia afanye haraka.

"Kuanzia kesho uwe unakuja saa mbili," akasema, akinipa nisaini. "Saa tatu ni ya watu wa majaribio."

Ninyi mtaanza na saa tatu. Msiizoee.